Mgongo Unaojikaza

"Toa pumzi yote, baba. Ikiisha, izuie hapo hapo."

Ndelwa Mgaya alitoa pumzi. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya kitanda cha kupimia, uso ameuzamisha kwenye tundu la mto, mgongo uko wazi. Ulikuwa mgongo mpana wenye sugu mbili mabegani, alama za miaka thelathini ya magunia. Kidole cha chuma, chenye ncha ya mpira isiyozidi kifungo cha koti, kilishuka kutoka darini na kutua juu ya pingili ya tatu ya kiuno. Kikasukuma, kikasikiliza, kikainuka.

Edina Mbilinyi akatazama kioo. Nne nukta tisa.

Akakitazama tena, kama mtu aliyeita jina la rafiki njiani akageukiwa na mgeni.

"Vipimo havilingani," kitanda kikasema kwa sauti yake ya upole. "Rudia."

"Kimesemaje hicho?" Ndelwa aliuliza kutoka ndani ya tundu.

"Hakuna kitu, baba. Tunarudia."

"Siku mbili zilizopita hakikusema neno. Leo kimeamka na kinywa?"

Edina hakucheka. Juzi mgongo huu ulitoa tisa nukta moja. Jana nane nukta tisa. Sheria ilitaka vipimo vya siku tatu mfululizo. Vikikubaliana, basi ni ukweli, na aliyevuka nane alipelekwa chumba cha pili kushonwa uzi wa mgongo. Ndelwa alikuwa ameandikiwa kushonwa leo hii, saa nane mchana. Kipimo cha tatu kilikuwa cha kukamilisha fomu tu.

Alijikagua. Pumzi ilitoka yote, na kitanda kilikuwa na joto lile lile. Tofauti ilikuwa moja: mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji, kwa kuwa alfajiri sufuria ya uji ilimteleza. Kwa hiyo alikuwa ameshika taa ya kuwekea alama kwa mkono wa kushoto, na hakuwa na mkono mwingine wa kumgusa mgonjwa. Akaona hilo ni jambo dogo. Akaweka alama upya, akaitua taa mezani, na kwa vidole viwili vya kushoto akamgonga Ndelwa kiunoni mara mbili, taratibu, kama alivyomzoesha kila mgonjwa ili chuma kisije kumshtua.

Hapo ndipo alipohisi.

Kidole cha mashine kilikuwa bado kiko juu, hakijashuka hata unywele. Lakini chini ya vidole vyake nyama za kiuno cha Ndelwa zilisimama zote kwa pamoja, kushoto na kulia, ngumu kama ubao wa mninga. Kisha chuma kikashuka.

"Tisa kamili," kitanda kikasema. "Vipimo vinalingana. Asante."

Nje upepo wa Makambako, ule unaokata masikio hata jua likiwaka, ulikuwa ukipiga mabati ya ghala la mahindi. Edina alisimama akiutazama mkono wake wa kushoto.

"Baba, kwa nini umejikaza?"

"Mimi?"

"Wewe. Kabla chuma hakijakufikia."

Ndelwa akainua uso. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye macho ya utani ambayo maumivu yalikuwa yameyafifisha bila kuyazima. "Si umenigonga? Binti wa Mbilinyi unaniuliza hilo? Baba yako alinigonga miaka kumi na tano!"

* * *

Kazi ya Makambako ni mahindi. Treni zilianza kujiendesha zenyewe zamani, na mashine za kupakua ziliwahi kuletwa pia, zikiwa zimefungwa nailoni kama maharusi. Vumbi la mahindi likaziziba, zikakohoa msimu mmoja, zikarudishwa zilikotoka. Magunia yakarudi kwenye migongo ya watu.

Mpakiaji husimama juu, mlangoni mwa behewa. Mbebaji husimama chini, amempa mgongo, hamwoni. Kelele za stesheni hazimruhusu mtu kusikia neno. Kwa hiyo mpakiaji huinama, humgonga mbebaji kiunoni kwa vidole viwili, mara mbili, ndipo huliachia gunia. Ikipita pumzi moja, kilo mia zimeshatua. Aliyejikaza hutembea. Ambaye hakujikaza hubebwa yeye.

Watoto wa makuli walikuwa na wimbo wake:

*Gunia siyo mamako, usilikumbatie,*
*Mgongo ndio wa kwako, usiuachilie.*

Edina aliuimba wimbo huo akiwa na miaka saba, akipeleka chakula cha baba yake kwenye behewa, akimwona akigonga viuno tangu asubuhi, tap-tap, tap-tap, kama mtu anayebisha hodi kwenye milango isiyoisha. Baba alikufa. Edina akasoma, akafundishwa kitanda, akaambiwa na wakufunzi: mguse mgonjwa kabla ya chuma, asishtuke. Hakuna aliyemwambia amguse vipi. Mkono ulichagua wenyewe. Mkono hukumbuka kile ambacho kichwa kilishazika.

"Hata nyumbani," Ndelwa alikuwa akisema huku akifunga vifungo, "mke wangu Tabea akitaka kunicheka hunigonga mara mbili nikiwa usingizini. Najikaza kama mbao, sijui hata habari. Anasema, 'Mgaya, gunia liko wapi?' Anacheka mpaka machozi." Akasita. "Mbona umekaa hivyo? Namba imeharibika?"

"Nenda ukapumzike chumba cha kungojea, baba. Nitakuja."

"Saa nane iko pale pale?"

Edina alikuwa ameshafungua daftari la kitanda.

Ugumu wa mgongo, walivyofundishwa, ni jambo la kusukuma na kubonyea. Ukibonyeza godoro linazama. Ukibonyeza meza haizami. Kidole husukuma kwa nguvu ijulikanayo na kupima pingili imezama milimita ngapi. Nguvu nyingi kwa mzamo mdogo, namba kubwa. Ni hivyo tu. Kitanda hakijui kama kilichokataa kuzama ni mfupa, au kano, au nyama ya mtu anayengoja gunia.

Akatenga majina kwa kazi zao. Wakulima wa viazi waliozidi nane walikuwa wanne katika mia. Wafumaji wawili. Wabebaji alikuwa amewapima sitini na watatu, na wote sitini na watatu walizidi nane. Wote! Daktari Mwinuka alikuwa akitania kwamba stesheni hii inazaa migongo ya chuma, na Edina alikuwa akitabasamu kwa fahari, kwa sababu vipimo vyake vilikuwa havipishani. Tisa, tisa, tisa kasoro. Makao makuu walimpa cheti: *Mpimaji Mwenye Kuaminika Zaidi Nyanda za Juu*. Kilikuwa ukutani pale, nyuma ya kioo.

Sasa alikiona kilivyo. Mashahidi watatu wakisema neno moja huenda wamesema kweli. Huenda pia wamefundishwa na mtu mmoja.

Kati ya wabebaji hao sitini na watatu, arobaini na mmoja walikuwa wameshashonwa. Jina la kumi na tisa lilikuwa Zakayo Mbilinyi, kaka yake.

* * *

Daktari Mwinuka alimsikiliza akiwa amesimama, glavu mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kama wanavyochoka watu wenye foleni.

"Umempima mara ngapi bila kumgonga?"

"Mara moja kabla sijajua. Kisha nikamrudisha, nikampima mara tatu zaidi. Nne nukta tisa, tano, tano, nne nukta nane."

"Na ukimgonga?"

"Tisa, kila mara."

Daktari akakaa. Juu ya meza yake kulikuwa na bomba la uzi wenyewe, mweupe, mwembamba kama utomvu uliokauka. Uzi ukiingia huota kama mzizi, hushika pingili tano za chini na kuzifanya mfupa mmoja. Maumivu hufa. Kuinama nako hufa. Hakuna aliyewahi kuutoa.

"Edina, sikiliza dada yangu. Wale arobaini na mmoja, maumivu yao yamekwisha. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Wamepewa kazi za kusimama. Wanakula. Ukiandika haya unawarudishia nini? Uzi hautoki. Utawarudishia habari tu. Mtu aliyelala salama unamwamsha umwambie nyumba aliyolala siyo yake."

"Na Ndelwa Mgaya?"

"Ana maumivu au hana?"

"Anayo. Anashuka ngazi kinyumenyume."

"Basi." Daktari alifungua mikono. "Ukisema namba ni tano, sheria inasema hana kitu. Kesho atabeba magunia. Na kitanda watakifunga kwa uchunguzi, mwaka, miwili. Yule bibi wa Lupembe mwenye kumi na moja ya kweli, ambaye hata ukimgonga hajikazi, kwa kuwa hajawahi kuona behewa, ataenda wapi?" Akavaa glavu. "Sitasema uongo kwa ajili yako na sitakukataza ukweli. Fomu ni yako na sahihi ni yako. Saa nane nashona aliyeletwa na fomu."

Ukutani saa ilionyesha sita na nusu.

* * *

Zakayo alikuwa langoni mwa stesheni, amesimama, kama alivyosimama kila siku kwa miaka miwili. Kiti kilikuwepo, lakini kukikalia kulimtaka ajishushe kama jeneza, naye alisema jeneza lina siku yake. Miguuni alivaa ndala. Viatu vya kamba alishavigawa. Binti yake wa miaka miwili, Oliva, alikuwa akicheza kwenye changarawe.

"Mpimaji!" akaita. "Umekuja kuipima nguzo ya umeme?"

"Kaka, kamwene," akamsalimu kwa salamu ya kwao.

"Kamwene. Sura hiyo ya nini? Nani kafa?"

Edina alimweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi kwenye sufuria ya uji, akiruka kwenye wimbo wa utotoni. Oliva alikuwa amevua kiatu kimoja, akakitupa karibu na miguu ya baba yake, akanyoosha mikono abebwe. Zakayo alichukua fimbo yake yenye ndoano, akakivua kiatu toka chini kama mtu anayevua samaki, akamwelekeza mtoto kwenye ngazi tatu za mbao zilizokuwa kando ya lango. Oliva akapanda, moja, mbili, tatu, kwa mazoea, mpaka kifua chake kikafika kwenye mkono wa baba. Ndipo akabebwa. Alikuwa hajui kwamba watoto wengine huinamiwa.

"Yangu ilikuwa ngapi?" Zakayo akauliza hatimaye.

"Tisa nukta mbili."

"Na ya kweli?"

"Sijui, kaka. Sitajua kamwe. Hiyo ndiyo..."

Zakayo alitazama reli. Treni isiyo na mtu ilikuwa ikiingia polepole, na huko ghalani mwili baada ya mwili uligeuka kuyapa mabehewa mgongo.

"Nigonge," akasema.

"Kaka..."

"Nigonge nimekwambia. Kama baba."

Edina akamgonga. Vidole viwili, mara mbili. Chini ya shati hapakuwa na kitu kilichoamka. Ilikuwa kama kugonga mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamehama.

"Umeona?" Zakayo alisema kwa sauti ndogo. "Siku hizi hata gunia likija, mimi sina habari." Akampangusa Oliva vumbi puani. Kisha akageuka mzima mzima, kwa kuwa hakuweza kugeuza nusu. "Hayo maumivu yangu yalikuwa ya kweli, Edina. Usije ukaandika kwamba tulidanganya."

"Sitaandika hivyo."

"Wewe ni dada yangu. Nitakukasirikia jioni, na sijui nitamaliza lini. Sasa hivi ondoka hapa. Mgaya bado ana mgongo, na saa nane haina subira."

* * *

Alimkuta Ndelwa ameshavaa gauni la wagonjwa, lile la kijani lenye kamba nyuma, miguu mikavu ikining'inia kitandani.

"Binti, hili gauni halina adabu," alisema. "Ukitembea, nyuma kunasomeka kama gazeti." Akaiona sura yake. "Haya, sema."

Akasema, safari hii kwa utaratibu, akianzia mwanzo. Alipomaliza, Ndelwa alikuwa hatanii tena.

"Kwa hiyo naumwa uongo."

"Hapana, baba. Nimesema namba ni ya uongo."

"Namba ndiyo inayosikilizwa! Mimi nikilia, nani anaandika? Miaka minne nasema mgongo, mgongo, wanasema Mgaya mvivu, Mgaya anakimbia msimu. Ikaja tisa, wakaniita mzee, wakanipa kiti. Leo unaniletea tano." Sauti ilimpasuka. "Iache tisa. Wewe na mimi tu ndio tunajua. Nakuomba kama mtoto wangu. Iache."

Ilikuwa rahisi mno. Fomu ilikuwa kwenye kibao mkononi mwake, tisa kamili imeshajazwa, mahali pa sahihi pakiwaka rangi ya kijani. Angeweza kumpa mtu huyu mwisho wa maumivu kwa kidole kimoja. Na yeye mwenyewe angelala mpimaji mwenye kuaminika zaidi nyanda za juu.

"Baba," alisema, "uzi huo unafunga mgongo uliokataa kulegea. Wako haujakataa. Wako unangoja gunia. Unalingoja ukila, unalingoja ukilala. Sijui kama ndiyo sababu ya maumivu, na sitakudanganya kwamba najua. Ila najua nikisaini hapa nitaufunga mgongo ulio mzima, na ukitaka kuufungua hakuna wa kukufungulia. Nimeshafanya hivyo mara arobaini na moja. Moja yao ni Zakayo. Nimetoka kwake sasa hivi."

Ndelwa alimjua Zakayo. Alikuwa amemwona akivua kiatu cha mtoto kwa ndoano.

"Kesho nitabeba?"

"Hutabeba. Kanuni ya kumi na moja: aliyepimwa kimakosa na kituo hupumzishwa mpaka apimwe upya na mtu mwingine. Hilo naliandika mimi, na kosa naandika kwamba ni langu."

"Watakufukuza."

"Huenda."

"Mbilinyi nyinyi," Ndelwa alisema akitikisa kichwa. "Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Aliwahi kushuka kwenye behewa akakataa kazi, eti gunia limelowa, litamvunja mtu. Tukamtukana siku nzima."

Edina akaifuta tisa. Akaandika tano, na chini yake, mahali pa maelezo ambapo kwa miaka yote huwa hapaandikwi kitu: *Vipimo vya wabebaji wote sitini na watatu si sahihi. Niliwagonga kiunoni mara mbili kabla ya kuwapima, na mbebaji akigongwa hivyo hujikaza. Hawakudanganya. Maumivu yao ni ya kweli. Kosa ni mkono wangu.* Akasaini. Ilikuwa saa saba na dakika hamsini.

"Njoo," akamwambia Ndelwa. "Kabla hawajakizima kitanda. Si kwa kukupima. Lala tu."

Ndelwa akalala kifudifudi. Edina aliuweka mkono wa kushoto juu ya kiuno chake, kiganja kizima, bila kugonga, akauacha pale kama mtu anayeweka shuka. Nyama zikasimama kwa mazoea. Akangoja.

"Hakuna gunia, baba."

"Najua."

"Wewe unajua. Uambie na mgongo."

Ndelwa akacheka kidogo, pumzi ikamtoka pamoja na kicheko, na chini ya kiganja kitu kikashuka. Kikapanda tena, kikiogopa. Kikashuka. Ilichukua muda mrefu. Hakusema kwamba maumivu yameisha, kwa sababu hayakuwa yameisha. Alisema tu, "Ah," kama mtu aliyekumbuka mahali alipoacha kitu. Kisha akakoroma.

"Kitanda hiki kimefungwa hadi uchunguzi ukamilike," sauti ya upole ikasema. Taa za darini zikazima moja moja, na kidole cha chuma kikajikunja na kujiingiza kwenye ala yake.

Mlango ukafunguka. Daktari Mwinuka alikuwa na kibao chake mkononi, ameshasoma. Alimtazama mtu aliyelala, akamtazama Edina. "Makao makuu wako kwenye simu," akanong'ona. "Wanakutaka. Mwamshe, chumba kifungwe."

Edina akainama. Mkono ulinyanyuka wenyewe, vidole viwili mbele, ukaelekea kile kiuno kilicholegea, ukasimama hewani.

Akaurudisha kifuani, akaushikilia kwa ule wenye bendeji.

"Baba Mgaya," akaita kwa sauti ya chini. "Baba. Amka taratibu."